Wimbo Unaita, Picha Inakimbia

Direkta Ebo Ansaful aliweka kidole juu ya kitufe akakiacha hapo hapo.

"Madam, video hii umeshaiona. Nchi nzima imeshaiona. Bibi yangu kule Saltpond macho yamekwisha, lakini hii ameiona."

"Nataka niione hapa, kwenye kioo kikubwa. Bonyeza."

"Watu wanasema ukimtazama sana..."

"Watu wanasemaje?"

Ebo alitupa jicho mlangoni, mara moja tu, akalirudisha haraka. "Wanasema na yeye anakutazama."

Inspekta Korkor Tagoe hakucheka. Tangu afungue faili hili alikuwa ameshayasikia maneno hayo kwa wanenguaji, kwa yule mpaka poda wa wasanii, kwa fundi wa jenereta. Kila shahidi alianza vizuri. Alisema siku ya kupiga picha walifika saa ngapi, walikula nini, nani aligombana na nani kwa ajili ya kioo. Kisha jina la Esinam, yule msichana wa kwenye video, likitajwa, shahidi aliinua macho, akayateremsha, na kilichobaki kilikuwa kile kile: Madam, yule si mtu. Yule ni Mami Wata, jini la maji, alikuja kucheza akaondoka zake. Msitutaje.

Chumba kilikuwa juu ya duka la vitambaa, mtaa wa Kaneshie. Madirisha yalizibwa kwa kitambaa cheusi ili mwanga usiharibu rangi za kioo, na bado vumbi la harmatani, upepo wa jangwani, lilipita likakaa kwenye meza, kwenye nyaya, kwenye kope za watu. Kwenye stuli ya plastiki alikaa Mawusi Dzokoto, mshonaji wa Tema, dada wa Esinam. Mlangoni alisimama Sajini Kugbe, mikono nyuma, mgongo ukigusa ubao wa mlango. Aliomba mwenyewe kupewa kesi hii. Alikuwa mpole, mwenye kubeba mafaili na kufungulia watu milango, na mwili wake uliujaza mlango wote.

Mambo yenyewe yalikuwa mawili, na Korkor peke yake kituoni ndiye aliyeamini kuwa ni moja. Siku mwimbaji Tawia Gold alipopigwa picha za wimbo wake katika kiwanda cha mbao kilichokufa zamani, mlinzi wa kiwanda, Mzee Issifu Bukari, alikutwa chini, nyuma ya ghala, kichwa kimevunjika. Kitabu cha kituo kiliandika: alianguka. Katika nchi hii mlinzi maskini haruhusiwi kufa kwa sababu nyingine. Wabeba mizigo huanguka. Wachimba mitaro huanguka. Mwaka ule wa njaa, shingo zetu zilipokuwa zimetoka mifupa, kijana aliyeuliza mchele wa msaada umekwenda wapi naye alianguka, akiwa amefungwa mikono. Wenye kuandika husahau. Wenye kuzika hawasahau. Korkor aliutazama mwili wa Mzee Issifu kabla watu wake hawajaja kuuosha, akaona nyuma ya mikono yote miwili, kuanzia kiwiko, imepasuka. Mtu anayeanguka huitanguliza mikono chini. Huyu aliiinua kukinga kichwa.

Jambo la pili: Esinam, mnenguaji, hakuonekana tena tangu siku ile. Kama alikuwa hai, kuna mtu alikuwa akimtafuta zaidi ya polisi. Kama hakuwa hai, mtu huyo alishampata.

"Bonyeza, Direkta."

Kioo kikawaka. Vumbi la dhahabu, mwanga ukiingia kwa matundu ya paa. Tawia Gold, suti nyeupe, mashine za mbao nyuma yake. *Sogea, sogea kwangu, mlango sijafunga.* Wanenguaji wanazunguka kama vitambaa vilivyotupwa hewani, nywele zinachelewa kushuka, kila kitu kinaelea. Halafu, nyuma ya bega la mwimbaji, yule msichana wa gauni la buluu.

Hakuwa akicheza. Alikuwa akirudi nyuma. Taratibu mno, taratibu kuliko wote, kama mtu anayetembea chini ya maji. Midomo ilifunguka na kufumba. Macho yalikuwa makubwa. Wimbo ulisema sogea, yeye alirudi.

"Simamisha. Watu wangapi wameiona hii?"

"Sijaangalia leo."

"Wewe? Hujaangalia?" Mawusi akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini ilichoma. "Kaka, jana ulikuwa redioni unahesabu."

Ebo akajikuna shingo. "Ni mara nyingi, basi. Nyingi kuliko watu wa nchi hii. Wengine wanarudia."

"Kwa nini wanarudia?"

Hapo Ebo akachangamka. Aliulizwa kazi yake. "Madam, niseme ukweli. Wimbo huu ni wa kawaida. Tawia akisikia nimesema hivyo atanipiga ngumi, lakini ni wa kawaida. Ukionyesha kile wimbo unachosema, mtu anatazama mara moja, anashukuru, anakwenda. Wimbo wa gari, weka gari. Wimbo wa mapenzi, weka ua. Nani atarudi kuangalia ua? Lakini wimbo ukisema njoo na picha ikasema siji, mtu hawezi kuondoka. Sikio linavutwa huku, jicho kule. Anarudi kuangalia nani anadanganya."

"Kwa hiyo wewe ndiye uliyemwambia arudi nyuma."

Ebo akakigeukia kioo.

"Direkta?"

"Ndiyo," akasema Ebo. "Nilimwambia."

"Na huu mwendo wa majini?"

"Kompyuta. Nilimpunguza kasi yeye peke yake. Kazi ya kompyuta tu, Madam, hakuna jini wala nini." Akatazama tena mlangoni. "Sajini, si ndivyo? Kompyuta siku hizi zinafanya kila kitu."

"Mimi sijui kompyuta," Kugbe akasema kwa upole. "Mimi nasikiliza tu."

Korkor akavuta kiti hadi pua yake ikakaribia kioo. "Irudishe. Anapokanyaga. Hapo. Tena."

Gauni la buluu likarudi nyuma. Kisigino kikapiga sakafu, unga wa mbao ukaruka, ukaning'inia, ukaanguka. Pembeni yake mnenguaji mwingine akaruka, akatua, unga wa mbao ukaruka, ukaning'inia, ukaanguka.

"Tena."

"Madam, umeona."

"Tena, Ebo."

Mara hii hakuwatazama wasichana. Alitazama unga tu. "Unaanguka sawasawa," akasema. "Wa kwake na wa mwenzake. Ungempunguza yeye peke yake, na unga wa mguuni kwake ungechelewa. Haujachelewa. Hakuna aliyemgusa na kompyuta."

Ebo akaanza kukusanya nyaya mezani.

"Swali lingine. Nywele zinaelea, nguo zinaelea, unga unaelea. Picha nzima imepunguzwa kasi, hata mimi nisiye na shule ya picha naona. Mbona midomo ya Tawia haikuchelewa? Inaimba pamoja na wimbo, neno kwa neno."

"Hiyo ni kazi ya kawaida, kila mtu anafanya."

"Mimi si kila mtu. Nieleze."

"Siku ya kupiga picha tunauchezesha wimbo kwenye spika kwa kasi mara mbili. Unasikika kama panya. Tawia anaimba kama panya, wasichana wanacheza kama wamechomwa na siafu. Kamera nayo inapiga picha mara mbili zaidi. Halafu huku ofisini tunaipunguza picha mpaka nusu. Midomo inakutana na wimbo wa kweli, lakini mwili unaelea. Watu wanapenda."

"Na sauti ya pale? Mazungumzo ya watu?"

"Hakuna. Kamera ikienda hivyo hairekodi sauti."

Korkor akapanga vipande kichwani. Wote walikuwa wakienda mbio, ndiyo maana baada ya kupunguzwa wanaonekana wanacheza. Mmoja alikuwa akienda mwendo wa binadamu. Ukimpunguza binadamu aliyekuwa akienda mwendo wa kawaida, unapata jini la maji.

"Hakuwa Mami Wata," akasema polepole. "Alikuwa mtu pekee mle ndani aliyeacha kucheza. Alikuwa anarudi nyuma kweli, anasema na mtu kweli. Na ninyi mkampunguza mkamuuza." Akamgeukia Ebo. "Irudishe kwenye mwendo wake. Kama ilivyokuwa siku ile."

"Wimbo utaharibika."

"Uharibike."

Ebo akabonyeza. Sauti ya Tawia Gold ikapanda ikawa kitu cha kuchekesha, kinyangarika kinacholia ndani ya kopo. *Sogeasogeakwangu.* Wanenguaji wakarukaruka kama vikaragosi. Na katikati ya kichekesho hicho, gauni la buluu lilitembea. Basi, lilitembea tu. Msichana wa kawaida, anarudi nyuma hatua kwa hatua, kiganja kimeinuka mbele ya kifua, anamsihi mtu. Hakuna aliyecheka mle chumbani.

"Hatazami kamera," Korkor akasema. "Anatazama pembeni ya kamera, kushoto. Juu kidogo. Mtu mrefu. Mawusi, mama yenu alikuwa kiziwi. Uliniambia mwenyewe ulipokuja kutoa taarifa: mlikua mnaongea kwa midomo bila sauti."

"Ndiyo, Madam."

"Mdogo wako anasema nini hapo?"

Mawusi alikitazama kioo. Uso wake ulikuwa kama mtu anayesoma jina kwenye jeneza. Ebo akairudisha, akaipitisha tena. Kitambaa cha dirishani kilivuta na kupumua.

"Anaimba," akasema Mawusi.

"Anaimba?"

"Anaimba wimbo wa Tawia, Madam. Sogea, sogea. Basi."

Korkor alishukuru kwamba alikuwa amewapa wote mgongo. Mwanamke huyu alikuwa ameongopa, na uongo wake ulikuwa pale wazi kwenye kioo. Kwa mwendo huu wimbo ulikuwa mbio ya panya. Tawia alikuwa akiutafuna, midomo haionekani ikifunga. Midomo ya Esinam ilikwenda taratibu, kama ya mtu anayeongea na mtu. Mtu hawezi kuuimba wimbo huo kwa midomo ile. Asingefika nusu ya mstari.

Kwa nini aongope? Siku aliyokuja kituoni alilia, akapiga meza, akamwambia Korkor usoni kwamba polisi ni wezi waliovalishwa sare. Hakuogopa kitu. Leo alikaa kwenye stuli amebana magoti. Hakuwa akimwogopa Ebo, amemzodoa muda si mrefu. Wala hakumwogopa Korkor. Siku ile kituoni Korkor alikuwa peke yake. Leo hakuwa peke yake.

Akawahesabu mashahidi wake mmoja mmoja. Mpaka poda: alikwenda naye. Fundi wa jenereta: alikwenda naye. Wanenguaji, nyumba kwa nyumba, Madina, Dansoman, Nungua: Kugbe akibisha hodi kwa heshima, Kugbe akisimama mlangoni, shahidi akiinua macho na kuyateremsha. Hawakuwa wakiliogopa jini. Jini walilipachika hapo kwa sababu jini linaweza kutajwa. Yeye mwenyewe alikuwa amewapelekea mwuaji nyumba kwa nyumba, akawauliza mbele yake kama wana la kusema.

Akageuka akiwa amejinyoosha na kupiga miayo. "Haya, anaimba. Tumepoteza asubuhi nzima. Sajini, njaa inaniuma. Nenda katuletee madonge ya kenkey na samaki wa kukaanga. Si kwa huyu mama wa hapa chini, pilipili yake chachu. Yule wa upande wa kanisa."

"Upande wa kanisa ni mbali, Madam."

"Basi tembea haraka."

"Nitakuachaje peke yako na watu hawa?"

"Watu gani? Fundi picha na fundi cherehani? Wataniua kwa sindano?" Akacheka. Kicheko kilitoka vizuri kuliko alivyotarajia. "Ni amri, Sajini."

Kugbe akatabasamu, akampita Mawusi, akainama kidogo na kusema neno moja kwa Kiewe, lugha ya kwao Mawusi, laini, kama salamu. Mlango ukafungwa. Walisikiliza buti zikishuka, zikifika chini, zikipotelea kwenye kelele za barabara.

"Amekwambia nini?" Korkor akauliza.

Mawusi alikuwa amekuwa na rangi ya majivu. "Ametaja kijiji chetu. Tegbi. Jina tu. Amelitaja, akaenda."

"Esinam yuko Tegbi?"

"Sijasema hivyo!"

"Mawusi. Nitazame. Nilikuwa mjinga, nimeuona ujinga wangu sasa hivi. Mdogo wako anasema nini pale kwenye picha?"

Mwanamke akafunika uso kwa viganja, akasemea ndani. "Anasema: *Afande, sikuona kitu. Naapa kwa mama, sijaona kitu, niache nicheze.* Analirudia hilo. Sikuona kitu, afande, niache nicheze."

Ebo aliweka kichwa juu ya meza.

"Na wewe ulijua," Korkor akamwambia.

"Nilijua nini mimi? Polisi wa kulinda ni kawaida, Madam. Hupigi picha mjini hapa bila polisi wawili wa kufukuza watu wasikatize mbele ya kamera. Wanakuja wenyewe, wanachukua bahasha, nani anawauliza majina? Huyu mkubwa alisimama karibu na kamera. Mimi nilikuwa naangalia kioo. Nikamwona msichana anarudi nyuma. Nikaona..." Akakigusa kioo. "Nikaona inapendeza."

"Uliona anaogopa."

"Niliona inapendeza! Ndiyo macho yangu yalivyofunzwa! Hofu ya kweli huwezi kumfundisha mtu, hata umlipe. Nikasema, Mungu wangu, kamera isizime." Aliinua uso, macho mekundu. "Halafu jioni wakasema mzee ameanguka. Halafu wewe ukaja nyumbani kwangu unaniuliza, na nyuma yako nani? Yeye. Ningesema nini? Ningesema nini, Madam?"

Korkor akamgeukia mshonaji. "Mawusi. Esinam aliona nini?"

"Alipiga simu mara moja tu. Alikuwa amekwenda nyuma ya ghala kubadili nguo. Yule sajini anapakia shaba za mashine kwenye gari. Mzee Issifu ameshika mlango wa gari, anasema hii ni mali ya watu, nitamwita mwenyewe. Akampiga kwa nondo. Mzee akakinga kwa mikono. Akapiga tena." Akapangusa pua. "Esinam alirudi kwenye taa kwa sababu kule kuna watu. Alidhani mbele ya kamera hakuna mtu atakayemgusa. Kweli hawakumgusa. Walipozima taa akapita dirishani."

"Na Kugbe ameijuaje Tegbi?"

Mawusi akatoa simu. Kipande cha video, cha jana, cha mtu asiyejulikana: soko la samaki, mwanamke aliyejifunga kitambaa usoni, kitambaa kinateleza, sauti ya mpiga picha inachekelea, *Jamani, Mami Wata ananunua kitunguu!* Chini yake maelfu ya watu wanauliza soko gani, na mmoja mwenye msaada amewajibu.

Hiyo ndiyo kazi waliyoifanya watu kwa mapenzi yao. Hakuna polisi nchini aliyekuwa na macho ya kutosha kumtafuta msichana mmoja. Watu wenyewe wakagawiana sura yake kwa simu, wimbo ukiwabembeleza, wakamtafutia Kugbe bila malipo.

"Tegbi ni safari ya nusu siku," Ebo akasema. "Mpigie mkubwa wako."

"Mkubwa wangu ndiye aliyetia sahihi kwamba Issifu alianguka. Na gari la shaba si la sajini, Ebo. Sajini hana gari." Alisema huku anasogeza kiti. "Anaye mtu kule sasa hivi, au atakuwa naye kabla samaki hawajaiva. Picha hii uliikata wapi? Baada ya hapo kuna nini?"

"Hakuna. Niliikata kwa sababu kitu kiliingia."

"Kitu gani?"

Alitafuta katika mafaili, akaipata, akaichezesha. Esinam anarudi nyuma, anarudi, na pale video ya nchi nzima inapoishia, kutoka kushoto mkono unaingia ndani ya picha. Mkono wa sare, mistari mitatu ya sajini. Kidole kinamwita: njoo. Sogea. Halafu mwili unageuka kidogo kukwepa taa, na uso wa Kugbe uko pale, wazi, mpole, kwa muda wa kupepesa jicho.

"Mkono uliharibu picha," Ebo akanong'ona.

"Irushe."

"Nini?"

"Irushe hivi hivi. Mwendo wake wa kweli, mkono, uso, yote. Mahali pale pale ilipo ile nyingine, watu wale wale waione. Andika chini maneno ya Mawusi. Andika jina la Issifu Bukari."

"Madam, wimbo utakuwa panya! Tawia ataniua! Watu watanicheka, kazi yangu..."

"Wakucheke!" Mawusi akasimama, stuli ikaanguka. "Mdogo wangu mmemtazama anaomba uhai wake, mkacheza! Kwenye harusi mmecheza! Picha hii na wimbo huu haviwezi kuwa sawa vyote viwili. Mlichagua wimbo. Leo chagueni mtu!"

Ebo akatazama mikono yake. Kisha akaanza kuandika kwenye kibodi.

"Ataona na yeye," akasema bila kuinua kichwa. "Atajua tumefanya sisi."

"Anayewindwa kwa siri huuawa kwa siri," Korkor akasema. "Sasa anamwinda ili asiseme. Akiwa ameshasema kwa nchi nzima, kumuua kunamfaa nini? Fanya haraka." Na moyoni hakuwa na hakika hata kidogo. Kuna watu huua kwa hasira tu.

Mstari mwembamba wa kupandisha video ukatambaa kwenye kioo, ukakwama, ukatambaa. Umeme ukapepesa. Mawusi akaushika ukingo wa meza kama anayeizuia isianguke. Mstari ukafika.

Mwanzoni hapakuwa na kitu. Kisha duka la vitambaa chini likatoa ile sauti ya panya, na kicheko cha mwanamke. Kisha sauti ikarudi mwanzo, bila kicheko. Kisha duka la jirani. Kisha ng'ambo ya barabara, simu baada ya simu, wimbo mmoja ulioharibika, na watu wanazidi kunyamaza.

Buti zilipanda ngazi.

Hazikuharakisha. Mlango ukafunguka na Kugbe akaingia na mfuko mweusi wa kenkey mkono mmoja, simu mkono wa pili. Harufu ya samaki ikajaa chumba. Akauweka mfuko mezani, taratibu, mbele ya Korkor. Akaufunga mlango nyuma yake kwa kisigino. Bastola ilikuwa kiunoni mwake, kifuko hakijafungwa.

"Madam," akasema, "hii si ushahidi. Midomo? Mkono? Hata wakili mtoto ataucheka. Umejiharibia kazi kwa ajili ya mcheza ngoma."

"Ondoa mkono kiunoni, Sajini."

"Na kule Tegbi ni mbali." Sauti ilikuwa ile ile ya kufungulia watu milango. "Mtu wangu ameshafika kwenye lango la nyumba. Nikisema neno moja tu. Mwambie huyu aifute."

Ebo alikwisha kuinua mkono kuelekea kitufe. Korkor akaushika mkono wake. Akaurudisha mezani.

Simu ya Mawusi ikalia. Aliangalia jina, akatoa sauti kama ya mtu aliyekanyagwa. Akaibonyeza ili wote wasikie.

"Dada." Pumzi. Sauti ya msichana, na nyuma yake kelele nyingi za watu. "Dada, nimeiona. Kuna mtu hapa langoni, amekuja na pikipiki."

"Esi, usifungue! Usifungue, unanisikia?"

"Sijafungua. Wanawake wa sokoni wamekuja, wale wa samaki. Wamejaa mlangoni, Dada. Wamekaa chini, wengine na visu vyao vya kazi. Wanamwuliza yule mtu, wewe ndiye umetumwa? Wanamrekodi. Ameacha pikipiki, anataka kuondoka, wanamkatalia. Dada, ni wengi. Wengine siwajui."

Kutoka mtaani wimbo wa panya uliendelea, mbali na karibu, na sasa kulikuwa na sauti za watu chini ya dirisha wakilitaja jina la direkta, wakiuliza ngazi iko wapi.

Kugbe alisikiliza. Kwa mara ya kwanza tangu Korkor amfahamu, alionekana mtu ambaye hajui asimame wapi. Mkono ulibaki kiunoni. Korkor alihesabu umbali wa meza kati yao, akaona hautoshi.

"Pingu zako, Sajini," akasema. "Za kwangu nimeziacha ofisini. Wale wanaopanda hawakuja na pingu."

Ngazi zikaanza kulia. Kugbe akageuza shingo kuusikiliza mlango, akaurudisha uso. Kisha akazitoa, akaziweka mezani kando ya mfuko wa samaki. Korkor akazichukua kabla mlango haujafunguka.